Radio ya kifua kwenye simu: nani aisome?

SWALI: Munganga, mudogo wangu wa miaka 34 anachimba huko Kolwezi. Amekohoa zaidi ya mwezi mmoja na amekonda. Alipigwa radio ya kifua (eksirei), akanitumia picha kwa WhatsApp. Nikaipeleka kwa dokta mmoja wa mtandaoni anayesema yuko Ulaya. Baada ya dakika chache akajibu kwamba ni nimonia, akaandika levofloksasini na vidonge vya dexa kwa siku kumi, na ana mtu wake hapa Lubumbashi anayeziuza. Mtoto wa dada yangu naye akaipitisha picha ileile kwenye programu ya akili mnemba, ikasema kifua kikuu 71. Nitume picha ya ubora gani ili isomwe vizuri? Na kati ya hao wawili nimwamini nani? (Mama wa Katuba)

JIBU: Mama, nianze na ubora wa picha kwa kuwa ndio uliouliza, ingawa shida yenu haiko hapo.

Mashine ya radio ya kidijitali hutoa picha yenye vivuli vya kijivu 4,096 au zaidi kati ya nyeusi na nyeupe. Faili lake linaitwa DICOM, na ndani yake mna jina la mgonjwa, tarehe na maelezo ya mashine. Anayesoma akilifungua kwenye skrini yake anaweza kuongeza mwanga nyuma ya moyo, au kuchungulia ncha za mapafu pale juu ya mtulinga, ambako kifua kikuu cha watu wazima hupenda kukaa. Lakini ukibandika filamu dirishani na kuipiga kwa simu, vivuli vinabaki 256, jua linaunguza upande mmoja, kivuli cha mkono wako kinaingia, halafu WhatsApp inaibana tena ili isile mega zako. Kilichopotea hapo hakirudi hata ukivuta picha kwa vidole mpaka ijae skrini.

Mara kwa mara naletewa picha ambamo moyo uko upande wa kulia, na familia nzima imeshikwa na hofu. Filamu ilibandikwa kinyume, basi. Tazameni herufi za Kifaransa: D ni kulia kwa mgonjwa, G ni kushoto kwake. Filamu ikikaa vizuri, D inasomeka sawasawa na iko upande wa mkono wako wa kushoto.

Kwa hiyo mudogo wako aiombe hospitali faili lenyewe kwenye filashi au CD. Likipitia WhatsApp, litumwe kama hati, lisitumwe kama picha. Kama mashine yao bado ni ya filamu tu, filamu yenyewe isafiri pamoja naye. Ya ubora yameisha.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha katika kazi hii ya kusoma radio. Watu wanaamini kwamba jina la ugonjwa limeandikwa mle ndani ya radio, na kwamba kinachotakiwa ni jicho kali la kulisoma, hata kama jicho hilo liko Paris. Radio inaonyesha kivuli. Doa jeupe juu ya pafu la kulia linaweza kuwa kifua kikuu, nimonia, kovu la kifua kikuu kilichopona miaka kumi iliyopita, au kansa. Kwa mtu anayechimba linaweza pia kuwa vumbi la mawe. Mwamba ukitobolewa bila maji, vumbi lenye silika huingia mpaka mwisho wa mapafu na kubaki humo, na baada ya miaka hutengeneza vinundu vidogovidogo, hasa sehemu za juu, palepale panapopendwa na kifua kikuu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa, na mwenye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwenye picha moja.

Huyo dokta wenu alimwuliza mgonjwa anafanya kazi gani? Aliuliza kama anatokwa na jasho usiku, kama ametema damu, kama amewahi kutibiwa kifua, kama amepimwa virusi vya ukimwi, kama anaishi chumba kimoja na mtu anayekohoa? Kwa jinsi ulivyoandika, aliandika dawa tu na kuwaelekeza kwa mtu wake anayeziuza. Mimi mwenye kazi hii siwezi kutofautisha nimonia na kifua kikuu kwa picha tupu ya mtu aliyekohoa mwezi mzima, na sijui mwenzangu yeyote anayethubutu kufanya hivyo. Halafu nimonia ya kawaida humwangusha mtu kwa siku chache. Haimkondeshi polepole kwa mwezi.

Na programu ya simu? Hapa nitakuwa mpole kidogo, kwa kuwa teknolojia yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome radio za kifua katika kuwachuja watu kwa ajili ya kifua kikuu, kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Zinatengenezwa Uholanzi, India na Korea Kusini, na mahali pasipo na radiolojisti, yaani daktari wa kusoma radio, zinasaidia sana. Lakini zinasoma faili la kidijitali lililotoka kwenye mashine, hazisomi picha ya dirisha la nyumba. Namba inayotoka ni alama tu. Kila mahali panapotumia programu hizo hupanga kiwango chake, na mtu akikivuka anapelekwa kupima makohozi. Kwa hiyo 71 haimaanishi kwamba kati ya watu mia kama yeye, 71 wana kifua kikuu. Kovu la zamani na vumbi la mgodi vinaweza kupandisha alama hiyo vilevile. Nayo programu ambayo kijana alipakua bure kwenye simu huenda si mojawapo ya hizo kabisa. Yaani inaweza kuwa imepatia kwa bahati.

Umeuliza umwamini nani. Usimwamini hata mmoja, amini makohozi. Mudogo wako aende kwenye CSDT, kituo cha afya kinachopima na kutibu kifua kikuu. Asubuhi asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara kadhaa, akohoe kutoka chini kabisa. Mate ya mdomoni hayafai. Penye mashine ya GeneXpert, kipimo chenyewe hakichukui hata muda wa saa mbili, nacho kinaonyesha kama vijidudu vipo na kama vinaikataa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Foleni ndiyo inayoweza kula siku. Apimwe na virusi vya ukimwi hapohapo. Akikutwa na kifua kikuu cha kawaida, matibabu ni miezi sita na dawa ni bure. Anayelala naye chumba kimoja naye aende, na watoto wadogo wa nyumba wasisahauliwe.

Abebe pakiti za zile dawa, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Levofloksasini ni antibiotiki, na inaua vijidudu vya kifua kikuu nusunusu. Mgonjwa anapata nafuu wiki moja au mbili, makohozi yanaweza kuficha ugonjwa, na vijidudu vilivyobaki vinajifunza kuishi na dawa ambayo sisi tunaiweka akiba kwa ajili ya kifua kikuu sugu. Dexa, yaani deksamethasoni, dawa ya steroidi, ni mbaya kwa namna nyingine. Inashusha homa, inarudisha hamu ya bukari, mtu anasema “nimepona, dokta wa Ulaya ni mkali”, na wakati huohuo kinga ya mwili imelazwa na ugonjwa unatanda. Ndiyo maana wauzaji wanaipenda: inaleta shukrani haraka. Wa CSDT waambiwe alichokunywa na kwa siku ngapi, na wao wamwelekeze namna ya kuiacha.

Msinielewe vibaya, kutibu kwa mbali si ulaghai. Daktari wa hospitali ndogo anatuma faili pamoja na historia ya mgonjwa, mtaalamu wa mbali anasoma kwa wakati wake, anaandika ripoti yenye jina lake, na yule aliye karibu na kitanda ndiye anayeamua. Haihitaji hata intaneti kali, kwa kuwa faili linaweza kupanda usiku. Mtandao wa RAFT, ulioanzia Mali kwa ushirikiano na Geneva, umeunganisha waganga wa Afrika inayosema Kifaransa kwa namna hiyo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Tazama tofauti: pande zote mbili kuna mganga, na hakuna anayeuza vidonge.

Siku hizi hapa Lubumbashi kila kikundi cha WhatsApp kina dokta wake. Anatibu tansion (shinikizo la damu) kwa ujumbe wa sauti, anasoma ekografi ya mimba, anawaambia wenye kisukari waache insulini wanywe mchanganyiko wake. Mwulizeni jina lake kamili na namba yake kwenye orodha ya Baraza la Waganga (Ordre des Médecins), kisha mkaulize huko. Mwenye namba haoni haya kuitaja. Na kama anayesoma kipimo chako ndiye anayekuuzia dawa, huyo ni mfanyabiashara, hata akiwa na diploma ukutani.

Tafadhali pia, msinitumie picha za radio kwenye simu yangu. Zinakuja mpaka usiku wa manane, nyingine hazina jina wala tarehe, na juzi moja ilikuwa ya goti ikiulizwa habari za ini. Sizisomi. Anayetaka maoni yangu apitie kwa mganga anayemtibu, aandike anaumwa nini na tangu lini, na aniambatishie faili.