Chakula cha kuku na paka kisimfikie sungura wako

Wengi wetu hatufugi sungura peke yake. Uani unakuta kuku wanazurura, paka yupo, mbwa wa ulinzi yupo, halafu watoto wameletewa sungura wawili, basi wote wanashinda sehemu moja. Kwangu ndo hivyo hivyo hapa Dar, kwahiyo haya ni mambo ninayoyafanya kila siku, na nimeamua kuyaandika sababu nasikia sana watu wakisema sungura hawafugiki, wanakufa ghafla tu, na ukiuliza vizuri alikuwa anakula nini unaambiwa "alikuwa anadonoa donoa na kuku".

Elewa tumbo lake kwanza. Sungura kaumbwa kula majani, na kazi kubwa inafanyika huku nyuma, kuna kifuko kikubwa pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, humo ndani kumejaa bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi za majani. Sasa ukiwaletea wanga mwingi kwa mpigo, mahindi, pumba, mabaki ya ugali, bakteria wabaya wanazaliana haraka, wanatoa gesi na sumu, tumbo linajaa na utumbo unaweza kusimama kabisa. Na sungura hatapiki jamani. Mbwa akila kitu kibaya atakitapika na kesho yuko freshi, sungura kikishaingia kimeingia.

Chakula cha paka watu wanashangaa nikisema sungura anakila, ila anakila tena kwa hamu, hasa kile kikavu cha dukani. Kile kina protini asilimia 30 hivi na zaidi, na mafuta juu, wakati sungura mkubwa ambaye hazai anatosheka na asilimia 12 hadi 14 tu. Akila punje mbili tatu siku moja usipaniki. Shida ni akishazoea bakuli, anaanza kuacha majani, ananenepa, na meno yake ambayo hayaachi kuota maisha yake yote yanakosa kusagana na nyasi, yanarefuka mpaka anashindwa kula.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni chakula cha kuku, na hapa ndo naomba uwe makini kweli. Layers mash, yaani chakula cha kuku wa mayai, ina kalisiamu nyingi kwa ajili ya maganda ya mayai, karibu asilimia 4, na mwili wa sungura unafyonza karibu kalisiamu yote anayokula halafu unaitoa kwa mkojo, kwahiyo ikizidi mkojo unakuwa mzito kama uji na mawe yanaweza kutengenezeka kwenye kibofu. Chakula cha broila ndo balaa zaidi sababu mara nyingi kinachanganywa dawa ya kuzuia koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuharisha wa kuku, na zipo kama narasini ambazo kuku anaziweza vizuri ila kwa sungura zinaharibu misuli na zinaua. Usisahau na maji. Tukiwawekea kuku antibiotiki kwenye maji sungura naye anakunywa hapo hapo, na dawa kama amoksilini au linkomaisini zikipita mdomoni kwa sungura zinaua wale bakteria wazuri wa tumboni, unaweza kumpoteza siku chache baadaye na usijue ilianzia wapi. Pumba zilizoota ukungu nazo wasipewe wote, ila sungura sumukuvu inamdhuru haraka sana.

Kwangu kilichosaidia kuliko vyote ni kichanja. Kuku nawalishia juu, kama mita moja na ushee kutoka chini, wanaruka wanakula huko, na chini kuna turubai la kudaka kinachomwagika ambalo nalikung'uta kabla sungura hawajatolewa. Watu wengi wananing'iniza tu kilishio usawa wa mgongo wa kuku, hiyo haitoshi, sungura anasimama kwa miguu ya nyuma anafikia vizuri tu. Kama huna nafasi ya kichanja walishie kuku ndani ya banda lao asubuhi, wakimaliza fagia, ndo sungura watoke. Paka naye bakuli lake liko juu ya karo, yeye anapanda sungura hapandi. Mbwa anakula usiku sungura wakiwa wamefungiwa, na hapa sio suala la tumbo tu, mbwa mpole kabisa anaweza kumng'ata sungura aliyesogelea sahani yake. Viroba vya chakula weka kwenye pipa au ndoo yenye mfuniko, sungura anatoboa kiroba usiku mmoja tu.

Na majani yawepo muda wote. Nyasi kavu, mabingobingo, matembele kidogo. Sungura aliyeshiba nyasi bado atazitamani pumba, tusidanganyane, ila hatazivamia kwa njaa. Kama unao simbilisi pamoja nao, sungura akionja chakula chao sio shida kubwa, ila wao wasitegemee cha sungura sababu simbilisi mwili wake hautengenezi vitamini C.

Watoto wa sungura wanaoachishwa kunyonya, wiki ya nne mpaka ya nane hivi, hao wafungie kabisa mbali na kuku. Tumbo lao bado halijakaa sawa, kiasi ambacho mama yao angekivumilia wao kinawaua.

Ukimkuta ameshakula, toa vyakula vingine vyote umbakishie nyasi na maji, usimshindishe njaa hata kidogo maana utumbo wake usipopata nyuzinyuzi ndo unazidi kusimama. Soda, maziwa, mafuta ya kula, hivyo vyote watu wanavyoshauri usimpe. Angalia kinyesi: gololi kavu za ukubwa wake wa kawaida ni salama, zikipungua au ukiona uji uji unaonata nyuma ujue tumbo limevurugika. Akikaa kajikunyata anasaga meno, tumbo gumu, hagusi hata jani analolipenda, usisubiri kesho, na masaa 12 bila kula wala kunya ni dharura hata kama anaonekana katulia tu. Kama alikula cha kuku nenda kwa daktari wa mifugo na lebo ya kile kiroba, na jina la dawa iliyokuwa kwenye maji, sababu bila hivyo daktari anakisia tu. Na akitaka kukuandikia antibiotiki mkumbushe kwa heshima kwamba huyu ni sungura, wengi wamezoea ng'ombe na kuku.