Joy Division au The Cure: uanze na ipi?

Ndugu, umeuliza kati ya bendi mbili za roki za Uingereza, Joy Division na The Cure, uanze na ipi, maana rafiki yako anadai zote ni huzuni tupu. Mwache aseme.

Mimi ningeanza na "Disorder" ya Joy Division, wimbo wa kwanza kwenye albamu yao Unknown Pleasures ya 1979. Vaa spika za masikioni: ngoma zinatangulia, gitaa la besi linafuata, kisha gitaa linaingia. Hapo usifuatilie mashairi kwanza, mfuatilie mpiga besi Peter Hook. Besi yake anaipiga kwenye noti za juu, ndiyo inayobeba wimbo. "Love Will Tear Us Apart" nayo ni kali, ila imepigwa mno kila mahali. Ilitoka Juni 1980, mwimbaji wao Ian Curtis akiwa ameshafariki mwezi mmoja tu kabla.

Halafu nenda The Cure, "A Forest" ya mwaka huohuo. Sikiliza mwisho wake: vyombo vingine vinaondoka, besi ya Simon Gallup inabaki peke yake. Kwangu huo ndio wimbo wao bora, ingawa wengi watanipinga na kukutajia "Pictures of You". Huo una utangulizi wa karibu dakika 2 kabla Robert Smith hajafungua mdomo, kwa hiyo uwe na subira.

Ukitaka cha kumjibu rafiki yako, mwekee "Just Like Heaven". Joy Division hawana wimbo mchangamfu namna hiyo, na kwa hilo The Cure wanawashinda.