Shimo jeusi si tundu tupu

SWALI: Ndugu Mhariri, nasikia ndani ya shimo jeusi hamna kitu. Sasa kinachovuta ni nini? Na Jua likigeuka shimo jeusi, si litatumeza?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kinachovuta ni masi, yaani wingi wa maada, na masi imo humo humo, haijapotea. Ambacho hakimo ni uso wa kukanyaga. Pana mpaka tu. Ukishauvuka, hata nuru hairudi. Kujua mpaka huo uko wapi, tumia kanuni iliyotokana na kazi ya mwanafizikia Karl Schwarzschild ya mwaka 1916: hesabu masi ni sawa na Majua mangapi, kisha zidisha kwa kilomita 3. Majua 10 yanatoa nusu kipenyo cha kilomita 30. Dunia yetu ingebidi ibanwe hadi milimita 9.

Jua likibanwa hadi kilomita 3 halitumezi. Masi ni ile ile, umbali ni ule ule, basi mvutano haubadiliki. Tungelizunguka kwa siku zile zile 365, ila gizani na kwenye baridi kali. Na Jua lenyewe ni dogo mno kufikia huko.

Ukitaka kuona lilipo shimo kubwa, tazama kundinyota la Kausi usiku wa Julai au Agosti. Upande huo, katikati ya galaksi yetu, nyota iitwayo S2 inazunguka mahali pasipoonekana kitu, mzunguko mmoja kwa miaka 16 hivi. Mwaka 2018 ilipopita karibu kabisa ilikimbia zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Mwendo huo unadai masi ya Majua kama milioni 4. Patupu hapavuti hivyo!

SWALI: Na anga lisilo na chochote, hilo nalo si utupu kamili?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ondoa hewa, vumbi na nuru, bado nishati inabaki. Mwaka 1948 mwanafizikia Hendrik Casimir alikokotoa kwamba mabamba mawili ya metali yasiyo na chaji, yakikaribiana sana ndani ya ombwe (utupu usio na hewa), yatavutana. Nguvu hiyo ilipimwa kwa usahihi mwaka 1997. Ugumu wake ni umbali: mwanya ukizidi mikromita (sehemu za elfu za milimita) chache, nguvu inafifia hata vipimo haviioni, tena chaji kidogo tu ikibaki kwenye bamba, inaifunika.

Mwanafizikia Stephen Hawking naye alionyesha mwaka 1974 kwamba, kwa sababu ya hali hiyo hiyo ya ombwe, shimo jeusi linapaswa kutoa joto. Kwa shimo la masi ya Jua, joto hilo halifiki hata sehemu moja ya milioni ya kelvini (kipimo cha joto kinachoanzia sifuri kwenye baridi ya mwisho kabisa), ilhali anga lenyewe lina kelvini 2.7. Kwa hiyo leo shimo kama hilo hupokea nishati nyingi kuliko linavyotoa.