Usikariri kwamba "get" ni kupata

Mwaka wangu wa pili wa kubeba mizigo Kilimanjaro, jioni moja pale Horombo, kambi ya vibanda njiani kwenda kileleni, nilimpelekea mgeni maji ya moto ya kunawa. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Uingereza, amekaa kwenye ngazi ya kibanda chake, koti kalifunga hadi kidevuni. Nikamwuliza hali. Akanijibu taratibu, "This altitude is getting to me."

"Altitude", yaani mwinuko, nilikuwa naijua, neno hilo mlimani halipiti siku bila kulisikia. "Getting to" nayo nikadhani naijua, kwa sababu mchana ule ule kiongozi wetu alikuwa amewaambia wageni, "Tomorrow we are getting to Kibo", kesho tunafika Kibo, kambi ya juu zaidi. Basi nikaelewa kwamba mzee anafurahi kufika juu. Nikamwambia, "Very good, congratulations!" Nikaweka karai chini, nikarudi jikoni.

Kumbe alikuwa ananiambia kwamba mwinuko unamlemea. Chakula cha jioni hakukigusa, na ilipofika saa nne usiku akaanza kutapika. Kiongozi akaamua ashushwe usiku huo huo hadi Mandara, kambi ya chini. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, na kweli, asubuhi alikuwa ameshika kikombe cha chai, macho yamerudi. Alipona. Lakini kati ya karai langu na kutapika kwake zilipita saa nne ambazo angeweza kusaidiwa, na aliyeambiwa mapema ni mimi. Ndiyo sababu nawaandikia haya, wadogo zangu mnaojiandaa kuongoza wageni.

Kosa langu lilianzia kwenye kukariri. Tulifundishwa kwamba "get" ni kupata, tukaimba, tukafaulu mtihani. Si uongo: "I got a letter", nilipata barua. Ila neno hilo Waingereza walilipokea kutoka kwa Wavikingi, watu wa kaskazini waliovuka bahari na kuhamia kwao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na tangu hapo wamelituma kila mahali. Ukishika maana moja tu, siku nzima utakuwa unasikia nusu.

Ushauri wangu ni huu: ukisikia "get", sikiliza neno linaloifuata. Maana iko huko.

Ikifuatwa na neno la sifa au hali, hapo "get" inamaanisha mtu anaingia katika hali hiyo. Na hapa sisi tuna bahati, maana Kiswahili kimeiweka hali ndani ya kitenzi chenyewe. "Get tired" ni kuchoka. "Get angry" ni kukasirika, "get old" ni kuzeeka, "get wet" ni kulowa, "get lost" ni kupotea, "get used to" ni kuzoea. Hakuna anayesema amepata kuchoka. "It's getting dark", giza linaingia. "I'm getting better", napata nafuu. Hapo pata imerudi yenyewe. Ukianza kuisikia hivi, utaacha kutafsiri kichwani.

Lakini kuwa makini na vineno vidogo. Mgeni akisema "I'm getting cold", baridi imeanza kumwingia, mletee koti. Akisema "I'm getting a cold", mafua yanamnyemelea. Tofauti ni hiyo "a" tu, na unapopanda usiku kuelekea Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, upepo unavuma na mgeni anaongea kupitia skafu, "a" hiyo inamezwa kabisa. Mimi siku hizi sikisii, namtazama. Anatetemeka au anapenga kamasi?

Kuna "get" ya kutendwa, ambayo kwetu ni ile -w- mwishoni: "My phone got stolen", simu yangu imeibiwa. Na kuna "get" ya kumfanya mtu au kitu kiwe fulani, ambayo kwetu mara nyingi ni kauli ya kutendesha. Hii ndiyo utakayoisikia kiongozi akiita gizani, na ni lazima uikamate mara moja: "Get him up", mwinue. "Get him warm", mpashe joto. "Get him down", mshushe. Lakini mgeni akisema "This rain is getting me down", usimshushe mtu, mvua inamvunja moyo tu. Mpe chai, kaa naye kidogo.

Za kwenye gari ni nyepesi: basi ni "get on" na "get off", gari dogo ni "get in" na "get out". Zizoee, endelea.

Wageni wa Marekani watakuchanganya kidogo na "gotten". Kwao "I've gotten a permit" ni nimekipata kibali, kumetokea jambo. "I've got a permit" ni ninacho hapa. Mwingereza wa leo kwa kawaida hutumia "got" kotekote. Kwa hiyo mgeni akisema "I've got a headache", hajapata kitu chochote. Kichwa kinamuuma sasa hivi, na mlimani sentensi hiyo haipiti hivi hivi.

Wala tusiwashangae Waingereza. Pata yetu nayo ina mambo. Kisu kikikata vizuri twasema kinapata. Muda twaukadiria yapata saa kumi. Watu wanaoelewana wanapatana, na Mwingereza hapo naye angesema "get along". Simu ikikwaruza twasema "sijakupata", sawasawa na yeye anaposema "I didn't get that". Mgeni akikuambia hivyo, hajadai kitu, rudia ulichosema polepole.

Nilivyojirekebisha: nilinunua daftari dogo la kuingia mfuko wa koti. Kila "get" niliyoisikia niliiandika na sentensi yake nzima, na jambo lililokuwa linatendeka wakati ule, kisha pembeni neno moja la Kiswahili. Ukurasa wa kwanza niliandika "getting to me = inanilemea, Horombo". Ndani ya msimu mmoja nilijaza kurasa 19, na kupata kama tafsiri pekee ilitokea mara chache kuliko nilivyotegemea.

Na pale usipoelewa, usitabasamu ukaondoka kama nilivyofanya mimi. Weka karai chini, chuchumaa mwone uso wake, uliza kwa Kiingereza chako hicho hicho kilichovunjika: "Your head? Your stomach? You eat today?" Kisha nenda kamwambie kiongozi maneno yake kama alivyoyasema, hata kama wewe hujayaelewa.