Kumtungia mkubwa shairi la kumsema

Ndugu, umeuliza ufanyeje ili shairi lako kwa huyo kiongozi lisiwe matusi yenye vina. La kwangu la kwanza ndivyo lilivyokuwa. Nilimwita mwizi ubeti wa kwanza, wa pili mwizi, wa tatu nikaishiwa. Na jina lake lilinikatalia mizani: popote nilipolitia, kipande cha mstari kilifika silabi tisa badala ya nane. (Usicheke, nililala nalo wiki nzima.)

Nikalitupa, nikamfanya nahodha:

Nahodha tulikupenda, uliposhika sukani,
Matanga tukayatanda, tukaimba baharini,
Leo maji yanapanda, yamefika magotini,
Nawe wainua kanzu, hutaki ilowe pindo.

Angalia mstari wa mwisho, ndio kibwagizo kinachorudi kila ubeti. Hakuna tusi hapo. Kuna mtu na nguo yake, basi. Kejeli huuma ikiwa na kitu kimoja kidogo cha kuonekana kwa macho. Ukisema "unajali maslahi yako" umeandika taarifa ya habari.

Mshairi wa Kenya, Abdilatif Abdalla, alianza kwa kusema wazi. Waraka wake "Kenya: Twendapi?" wa 1968 ulimfunga miaka mitatu, hadi 1972. Gerezani akawa anaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakaja kuwa Sauti ya Dhiki. Humo mna shairi la "Mamba", na anayesemwa ni mamba. Ukiona mtawala, umemwona mwenyewe. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, ambaye ni serikali yake iliyomfunga! Kejeli hiyo hata angeitunga mwenyewe isingenoga hivyo.

Ila fumbo lisikudanganye kwamba ni ngao. Abdilatif alikuwa ameshafungwa tayari, na mkubwa akitaka kukuelewa vibaya atakuelewa tu. Faida ya fumbo ni nyingine: watu hulikariri. Matusi huchekwa siku moja.

La kwangu nililighani hafla moja, mheshimiwa mwenyewe akiwa kiti cha mbele. Alicheka beti mbili, akidhani nahodha ni mpinzani wake. Kibwagizo kiliporudi mara ya tatu niliona mkono wake umeshika pindo la kanzu, akaliachia taratibu kama limemchoma. Kesho yake msaidizi wake akanipigia, anataka nakala. Nikamwandikia beti tano kwa mkono. Ubeti wa sita sikumpa, ndio wenye chombo kuzama.