Swali la lugha: mihimili ya serikali au mihimili ya dola?

Msomaji wa Isevya, Tabora, anaandaa somo la jioni kwa vijana wa parokia yake kuhusu namna Marekani inavyotawaliwa. Anauliza: "Mwalimu, niseme madaraka yamegawanywa katika matawi matatu ya serikali ya shirikisho, au mihimili mitatu ya serikali? Redioni nasikia yote mawili."

Yote mawili yana kasoro, ndugu yangu, na kasoro kubwa haiko pale unapoitafuta. Kati ya tawi na mhimili uamuzi ni mwepesi: chukua mhimili. Sisi tumezoea tawi la benki na tawi la chama, na kila mwenye kadi ya CCM anajua kwamba tawi liko chini ya kata, na kata iko chini ya wilaya. Ukiliita Bunge tawi, umelitafutia bosi. Mhimili umetokana na kuhimili, yaani kubeba uzito, na mihimili mitatu hubeba pamoja bila mmoja kuwa mtumwa wa mwenzake.

Kinachonikera ni neno la pili, serikali. Katika Kiswahili cha siku hizi serikali imepitisha sheria, serikali imemfunga mtu miaka saba, serikali imepandisha ushuru wa mnada, serikali imetupa kesi ya ardhi. Neno moja limemeza Bunge, Mahakama na halmashauri, na bado lina njaa. Asili yake ni Kiajemi, sarkar, msimamizi wa kazi. Dola tumeipata kwa Waarabu. Inatosha kujua kwamba tangu mwanzo serikali ni yule anayesimamia kazi ifanyike.

Katiba yetu ya 1977 haikukosea hapa. Ibara ya 4 inataja vyombo vyenye mamlaka ya utendaji, vyombo vyenye mamlaka ya kutekeleza utoaji haki, na vyombo vyenye mamlaka ya kutunga sheria na kusimamia utekelezaji wa shughuli za umma. Vimetajwa viwili viwili kwa sababu Zanzibar ina vyake. Vile vya utendaji, na hivyo peke yake, ndivyo vinavyoitwa Serikali. Bunge limebaki Bunge, Mahakama imebaki Mahakama, na vyote kwa pamoja ni dola. Anayesema "mihimili mitatu ya serikali" ameifanya Serikali kuwa nyumba nzima na papo hapo nguzo moja ya nyumba hiyo.

Najua kosa lilikotoka. Huku Unyamwezini mtemi alikaa ikulu, neno la huku huku kabla halijawa makao ya Rais, na kesi, amri na kodi vyote viliishia mlangoni pake. Mkoloni akaja na boma lake, na bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, akawa mtawala na hakimu kwa wakati mmoja. Utemi ulifutwa 1963. Babu aliyesema "serikali imemfunga" alieleza kwa usahihi kabisa alichokiona. Mtangazaji wa leo hana udhuru huo, maana kila siku anapita mbele ya jengo la mahakama na mbele ya ofisi ya mkuu wa mkoa, na anaona kwamba ni majengo mawili.

Chukua kichwa cha habari tulichokizoea: "Mkuu wa wilaya amfunga mwenyekiti wa kijiji saa 48." Hakumfunga. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu anayehatarisha amani akamatwe na kuwekwa mahabusu kwa muda usiozidi saa 48, na ndani ya muda huo mtu huyo afikishwe mahakamani au aachiwe. Kifungo hutolewa na hakimu baada ya kusikiliza shauri. Mwandishi aliyeandika "amfunga" amempa kiongozi wa Serikali madaraka ya Mahakama ambayo sheria haikumpa. Msomaji akishazoea lugha hiyo, siku akikamatwa yeye hatauliza saa ya 49 inaanza lini.

Mkulima wa tumbaku Urambo naye anaumizwa na neno hili. Anasema "serikali inatukata." Ni nani hasa? Ushuru wa mazao umewekwa na sheria ya fedha za serikali za mitaa iliyotungwa na Bunge, na unakusanywa na halmashauri. Akitaka kiwango kibadilike, aende kwa mbunge wake. Akitaka kujua umetumikaje, amuulize diwani. Akidai ametozwa kinyume cha sheria, mlango wake ni mahakama. Neno "serikali" limemfichia milango yote mitatu, naye anabaki kulalamika kwenye mizani.

Sasa twende Marekani, kwenye sentensi ninayoichukia kuliko zote: "Serikali ya Marekani imefungwa." Kila baada ya miaka michache inarudi redioni. Kijana wa Isevya aelewe nini? Kwamba Rais yuko jela? Kwamba Washington imepigwa kufuli?

Tazama ile ya tarehe 22 Desemba 2018 hadi 25 Januari 2019, siku 35. Rais na Bunge lao, Congress, walishindwa kukubaliana juu ya fedha za ukuta wa mpaka wa Mexico. Ibara ya kwanza ya Katiba yao inakataza fedha kutoka hazina bila kuidhinishwa kwa sheria, na sheria hutungwa na Congress. Wizara ambazo bajeti zao hazikupitishwa ziliwarudisha nyumbani baadhi ya watumishi, na wengine, kama waongozaji wa ndege, walifanya kazi bila mshahara. Wizara ya Ulinzi haikuguswa, kwa kuwa fedha zake zilishapitishwa mapema. Congress iliendelea na vikao. Mahakama za shirikisho ziliendelea kwa ada na akiba walizokuwa nazo. Shule na polisi, ambavyo ni vya majimbo na miji, viliendelea na bajeti zao. Kilichosimama ni sehemu ya mhimili mmoja, katika ngazi moja. Andika "Wizara kadhaa za Marekani zakosa fedha" na utakuwa umesema kweli kwa maneno machache tu.

Na mvutano unadumu kwa sababu hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake. Huku kwetu Bunge likikataa bajeti ya Serikali, ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja. Rais wa Marekani hana uwezo huo. Anaweza kukataa kusaini muswada na kuurudisha katika siku 10, Jumapili hazihesabiwi, lakini mabaraza mawili ya Congress, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi, yakiupitisha tena kwa theluthi mbili kila moja, unakuwa sheria bila yeye. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, tangu uamuzi wake wa 1803, inaweza kuitangaza sheria kuwa batili ikipingana na Katiba. Majaji wake huteuliwa na Rais, lakini hawaapi mpaka Seneti iwathibitishe. Kila mhimili una funguo za mlango wa mwenzake. Hilo ndilo vijana wako walishike.

Umetumia pia "kugawanywa" kwa madaraka, na hapo simama kidogo. Nchi ya shirikisho ina mgawanyo wa aina mbili: kati ya mihimili, na kati ya shirikisho na majimbo yake. Wengi siku hizi huita huu wa pili ugatuzi, neno lililoshika kasi Kenya baada ya Katiba ya 2010 na kaunti zake 47. Ni neno zuri, ila Marekani halifai. Kugatua ni mkubwa kushusha sehemu ya madaraka yake. Sisi tunalijua hilo: mwaka 1972 mamlaka za serikali za mitaa zilivunjwa, na sheria za 1982 zikazirudisha. Majimbo ya kwanza ya Marekani yalikuwepo kabla ya shirikisho, nayo ndiyo yaliyolipatia shirikisho madaraka. Marekebisho ya 10 ya Katiba, ya 1791, yanasema yale ambayo shirikisho halikupewa yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Congress peke yake haiwezi kuubadili mpango huo. Inahitaji theluthi mbili ya kila baraza, kisha robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50. Sema "mgawanyo wa madaraka kati ya shirikisho na majimbo," na ugatuzi uwaachie wenye kaunti.

"Jimbo" lenyewe nalivumilia kwa kuchoka. Lina mbunge, lina askofu, na wazee wa Tabora wanakumbuka Jimbo la Magharibi la wakati wa Mwingereza. Hatuna lingine lililokubalika, basi litumike, mradi siku ya kwanza uwaeleze vijana kwamba jimbo la Texas halilingani na jimbo la uchaguzi wala na mkoa. "Mhimili wa nne," yaani vyombo vya habari, nalo lipite kama sifa. Halimo katika Katiba yoyote kati ya hizi mbili.

Ubaoni basi andika: "Mihimili mitatu ya dola katika ngazi ya shirikisho la Marekani ni Congress, Rais na serikali yake, na Mahakama." Na gavana usimtafsiri kuwa mkuu wa mkoa, kama nilivyosikia zaidi ya mara moja. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais na anaweza kuhamishwa kesho asubuhi. Gavana wa Texas amechaguliwa na watu wa Texas. Rais hana kalamu ya kumwondoa. Wanaoweza ni wapiga kura, au baraza la wawakilishi la jimbo hilo likimfungulia mashtaka na seneti ya jimbo ikamtia hatiani.