Anza na Gilasi, Mahamri Yaache Kwanza

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilipanga chumba hapa Malindi, na kila asubuhi nilikunywa chai ya maziwa ya vijiko vinne vya sukari kwa mahamri mawili. Mchana soda ya nusu lita na keki ya dukani. Jioni juisi ya ukwaju, tamu mpaka inakwama kooni. Ikifika usiku pesa imekwisha, nimechoka, nalala na chai nyingine. Wiki nzima ilipita sijatia mdomoni mchicha wala samaki, nami ni mtoto wa pwani!

Siku moja niligeuza chupa ya soda nikasoma maandishi yake madogo: sukari gramu 10 na ushei kwa kila mililita 100. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo chupa ile ya nusu lita ilikuwa na vijiko zaidi ya 12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya namna hii, ya kutiwa kwenye chakula na vinywaji, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula chetu. Kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 50 kutwa, na ikiwa nusu yake ni bora zaidi. Asali na juisi zimo katika hesabu hiyo, hata juisi isiyotiwa sukari. Tunda zima halimo.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kupunguza sukari, uanze na vinywaji. Sukari ya kunywa haishibishi kama chakula cha kutafuna, ila pesa ya chakula inaila.

Chai niliipunguzia nusu kijiko kila wiki, nikaizidishia iliki na tangawizi. Usikate ghafla, mimi nilijaribu nikarudia vinne siku ya tatu. Bibi yangu wa Shela akanikumbusha kahawa chungu: haitiwi sukari, unatafuna tende moja basi. Pesa ya soda ikawa ya mbaazi. Naziroweka Jumamosi usiku, Jumapili nachemsha sufuria nzima na kuunga kwa nazi, na mahamri yangu yapo pale pale.

Kaskazi, upepo wa msimu wa joto, ikivuma utadhani unataka soda. Kunywa maji kwanza, usubiri kidogo. Hamu ya tamu ikibaki, nunua embe la kukatwa, lenye chumvi na pilipili, ulitafune taratibu.